Mali bila daftari: tarehe 7 Aprili na waimbaji wetu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaovuka daraja la Rusizi na mizigo kichwani tunaijua methali hii kuliko mwalimu yeyote wa Kiswahili. Ukimkopesha mtu vitenge sita Bukavu usiandike, mwezi ukiisha utaambiwa vilikuwa vinne, na siku ile mvua ilinyesha, na labda hukuwa wewe uliyeleta. Kisichoandikwa na tarehe yake hakina mwenyewe.

Leo nataka kuzungumzia mali nyingine ambayo hatukuiandika katika daftari. Nazungumzia waimbaji wetu waliouawa mwaka 1994, na siku moja ya mwaka inayowahusu, yaani tarehe 7 Aprili.

Niseme mapema kwamba mimi si mwanahistoria wala mwanamuziki. Ni mfanyabiashara mdogo wa hapa Mibirizi, tarafa ya Gashonga, wilaya ya Rusizi. Wazee bado wanaiita Cyangugu, ingawa mkoa wa jina hilo ulifutwa mwaka 2006 tukaingizwa Mkoa wa Magharibi. Kilichonisukuma kushika kalamu ni swali la mtoto.

Ilikuwa mwanzo wa juma la maombolezo. Kama kawaida ya tarehe 7 Aprili, baa zilikuwa zimenyamaza na redio zilikuwa zimeacha muziki wa starehe na kupiga nyimbo za kumbukumbu. Nilikuwa nimekaa uani, mwanangu wa mwisho ameshika redio. Ukapigwa wimbo mmoja mtulivu, sauti ya mwanamume mtu mzima. Mtoto akaniuliza, “Baba, huyu anayeimba ni nani?”

Nikamjibu, “Ni nyimbo za maombolezo.”

“Najua Baba. Lakini anayeimba ni nani?”

Sikuwa na jibu. Bibi mmoja, jirani yetu, mwokokaji wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, alikuwa amekuja kukaa nasi kwa sababu siku hiyo hapendi kubaki peke yake. Akasema bila kunitazama, “Huyo ni Rugamba. Aliuawa siku kama ya leo.”

Jioni, mtoto yule yule alifungua kituo kimoja cha nje kwenye simu. Mtangazaji alikuwa akisoma kile kipindi ambacho vituo vingi vinacho, cha leo katika historia ya muziki. Tarehe 7 Aprili 1915 alizaliwa Billie Holiday, mwimbaji mkubwa wa jazi wa Marekani. Tarehe 7 Aprili 1920 alizaliwa Ravi Shankar wa India, mpiga sitar aliyewafundisha hata Wazungu. Majina ya haki kabisa, watu waliostahili. Nikangoja. Mtangazaji akafunga orodha na kuendelea na matangazo ya biashara.

Ndugu msomaji, usiku ule sikulala vizuri. Mtangazaji wa mbali hakunisumbua, kwa sababu yeye anasoma alichoandikiwa. Nilichokosea usingizi ni mimi mwenyewe. Nimerudi katika nchi hii tangu mwaka 1995, nimesimama kimya kila tarehe 7 Aprili, na sikujua kwamba sauti ninayoinyamazia ni ya mtu aliyeuawa siku hiyo hiyo.

Cyprien Rugamba alizaliwa mwaka 1935. Alisomea historia Ubelgiji, akarudi na kuongoza taasisi ya taifa ya utafiti wa kisayansi mjini Butare. Alikuwa mshairi na mtunzi, na ndiye aliyeanzisha kikundi cha Amasimbi n'Amakombe, kilichochukua ngoma na uimbaji wa jadi na kuufikisha redioni na jukwaani, hata watu wasiojua mambo ya ikulu za zamani wakaimba. Mwaka 1990 yeye na mkewe Daphrose waliingiza nchini jumuiya ya Kikatoliki ya Emmanuel, na mjini Kigali walilisha watoto wa mitaani. Ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994. Kesho yake asubuhi wanajeshi walifika nyumbani kwa Rugamba wakamuua yeye, mkewe na watoto wao sita. Mwaka 2015 Kanisa lilifungua mchakato wa kuwatangaza yeye na Daphrose kuwa wenye heri.

Huyo ni mmoja, na tarehe yake tunayo. Wako wengine ambao wengi wetu tunajua mwaka tu. André Sebanani, sauti ya Orchestre Impala, ambaye pia aliigiza michezo ya redio, aliuawa mwaka huo. Rodrigue Karemera naye aliuawa mwaka huo. Nyimbo zao ziko katika zile zinazoitwa karahanyuze, nyimbo za zamani ambazo bendi za hoteli zinazipiga kila Ijumaa, watu wanacheza, wanatoa noti wanabandika kwenye paji la uso la mwimbaji. Siku moja uliza meza ya jirani yako wimbo huo ni wa nani na mwenyewe alikufaje. Mimi nimeuliza. Wawili kati ya watu saba walijua.

Katika juma lile lile la Aprili 1994, huko Seattle nchini Marekani, mwanamuziki wa roki Kurt Cobain alijiua tarehe 5, na mwili wake ukapatikana tarehe 8. Dunia nzima ya muziki inalijua juma hilo kwa jina lake. Kila Aprili magazeti yanaandika, redio zinapiga, vijana wanavaa fulana zake, hata hapa Kamembe nimeziona katika mitumba. Simwonei wivu marehemu. Nasema tu kwamba kati ya tarehe 5 na tarehe 8 kuna tarehe 7, na kama sisi wenyewe hatukuijaza, ni nani atuandikie?

Sisi tuliorudi tuna sehemu yetu ya lawama, na naomba tuliseme bila kuoneana haya. Mimi nilizaliwa Uvira, wazazi wangu walikimbia mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ukiniuliza Franco Luambo alikufa lini nitakujibu kabla hujamaliza kuuliza: tarehe 12 Oktoba 1989, nchini Ubelgiji. Mobutu alitangaza siku nne za maombolezo, na Zaire yote ikasimama. Mwenzangu aliyerudi kutoka Tanzania atakutajia Mbaraka Mwinshehe, aliyekufa kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979. Kwake yeye, kabla ya mwaka 1994, tarehe 7 Aprili ilikuwa Siku ya Karume, kwa sababu Mzee Abeid Karume aliuawa Zanzibar tarehe hiyo mwaka 1972. Aliyerudi kutoka Uganda atakwambia habari za Philly Lutaaya, aliyejitokeza hadharani kusema ana UKIMWI na akafa Desemba 1989. Kila mmoja alirudi na wafu wa nchi aliyokulia. Wafu wa nchi tuliyorudia tuliwakuta wamezikwa kwa haraka, au hawajazikwa kabisa, na hatukupata muda wa kuuliza majina. Tulikuwa tunatafuta mashamba, mabati na karo za shule.

Hata hivyo, ndugu zangu, ni nyimbo zilizoturudisha. Nani kati yetu aliyekulia Uvira, Bujumbura au Kampala hakusikia kanda za Cécile Kayirebwa, aliyekuwa akiimba kutoka Ubelgiji? Nani hakumsikia Sentore Athanase na mwanawe Massamba, waliotunza inanga na nyimbo za mashujaa huko Burundi? Nilijua jina la kilima cha babu yangu kwa nyimbo kabla sijakiona kwa macho. Basi tunaotembea kwa deni la nyimbo tungekuwa wa kwanza kulilipa.

Najua wapo watakaonipinga, na hoja zao si za kupuuzwa.

Wa kwanza atasema kwamba tarehe 7 Aprili si siku ya muziki. Ni siku ya maombolezo, na mtu asije akaleta habari za wasanii mahali pa makaburi. Nakubaliana naye nusu. Sipendekezi tamasha wala dansi. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua mwaka 2003 kwamba tarehe hiyo iwe siku ya dunia nzima kutafakari mauaji haya ya kimbari, na kimya cha siku hiyo ni heshima. Lakini redio hazinyamazi kabisa siku hiyo, zinapiga nyimbo. Kama wimbo utapigwa, ni kosa gani kusema, “Huyu ni fulani, alizaliwa hapa, aliuawa siku hii, mahali fulani”? Hilo linachukua nusu dakika.

Wa pili atauliza kwa nini waimbaji. Waliouawa ni zaidi ya milioni moja. Walikuwemo wakulima, wauguzi, walimu, watoto wachanga. Je, mwimbaji ana damu nyekundu kuliko mkulima? Hapana. Jibu la swali hili nililipata kwa bibi yule jirani. Yeye hana hata picha moja ya ndugu zake. Nyumba ilichomwa pamoja na kila kilichokuwemo. Aliniambia kwamba akimsikia Rugamba au Sebanani redioni, anasikia sauti za miaka ile watu wake wakiwa hai, mama yake akipepeta maharage, kaka yake akipiga mluzi. Mwimbaji ni katika wachache miongoni mwa waliouawa ambao bado tunaweza kusikia pumzi zao. Ukimwandika yeye na tarehe yake, umepigilia msumari ukutani ambao wengine wanaweza kutundika kumbukumbu zao.

Kisha akanihesabia kwa vidole waimbaji wa kwaya aliowafahamu hapa parokiani. Mibirizi ni misheni ya zamani sana. Mapadri Weupe waliianzisha mwaka 1903, na kwaya zake zilijulikana na majirani wote. Aprili 1994 watu walikimbilia hapa wakiamini kwamba kanisa na hospitali vitawakinga, na waliuawa hapa. Vidole vya bibi viliisha, akarudia mkono wa kwanza. Hao hawakurekodiwa hata kanda moja. Daftari lao ni kichwa cha bibi mmoja aliyezeeka.

Wa tatu ndiye mgumu zaidi. Atasema ukianza kuandika historia ya muziki na mauaji ya kimbari, utalazimika kuandika yote. Ni kweli, na lazima tuandike yote. Redio ya RTLM, iliyoanza kutangaza Julai 1993, haikupata wasikilizaji kwa chuki peke yake. Ilipiga muziki uliopendwa, nyimbo za Kongo zilizochangamsha vijana, na katikati ya nyimbo hizo ikapitisha sumu. Watu wengi waliokuwa nchini wanasimulia kwamba asubuhi ya tarehe 7 Aprili Redio Rwanda ilipiga muziki wa ala wa Kizungu na kuwataka wananchi wabaki majumbani. Kwa wengi, kubaki nyumbani ilikuwa kungoja muuaji.

Na yupo Simon Bikindi, mtunzi hodari ambaye nyimbo zake zilipigwa kuchochea chuki. Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimhukumu tarehe 2 Desemba 2008 kifungo cha miaka 15. Majaji walikubali kwamba nyimbo zake zilitumika kueneza chuki ya kikabila, lakini kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyatangaza kwa kipaza sauti barabarani, mkoani Gisenyi, Juni 1994, akihimiza Watutsi wauawe. Alifariki nchini Benin mwaka 2018. Mtoto anayekua leo anapaswa kujua kwamba sauti nzuri iliweza kumliza bibi yetu na sauti nzuri nyingine iliweza kumtafuta ili auawe. Asiyejua tofauti hiyo ni rahisi kuimbishwa tena, hasa hapa mpakani ambako maneno ya chuki huvuka mto bila kuulizwa kitambulisho.

Wenzetu walio mbali wameanza kuandika daftari hili kabla yetu. Corneille, ambaye familia yake iliuawa Kigali Aprili 1994 yeye akiwa kijana, alitoka kwa kupitia Zaire, akafika Ujerumani na baadaye Kanada. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2002, na wanaozungumza Kifaransa duniani kote wakaijua habari yake. Stromae wa Ubelgiji, ambaye baba yake Mnyarwanda aliuawa mwaka 1994, alitoa mwaka 2013 wimbo wa mtoto anayemtafuta baba, na mamilioni ya watu wakaucheza, wengi bila kujua kaburi lililo nyuma yake. Jean-Paul Samputu, aliyepata tuzo ya Kora mwaka 2003, alipoteza wazazi na ndugu, kisha akamsamehe hadharani aliyemuua baba yake. Hao watatu, kila mmoja kwa namna yake, wanaimba kutoka Aprili ile. Watoto wetu wanawajua kwa mitindo ya nguo.

Sasa nirudi Mibirizi, maana hapa tuna mfano wetu wenyewe wa kitu kilichoandikwa kikabaki. Mwanzoni mwa karne ya 20 wamisionari walipanda mikahawa hapa misheni. Aina moja ya mbegu ikaandikwa kwa jina la mahali, ikaitwa Mibirizi, na mpaka leo wataalamu wa kahawa katika nchi nyingine wanaitaja hivyo. Mtu ambaye hajawahi kufika Rusizi, asiyejua kilima chetu kiko upande gani wa ziwa Kivu, analijua jina Mibirizi kwa sababu kuna mtu aliliandika. Kama mti wa kahawa umepata daftari, mwimbaji amekosa nini?

Sipendi kulalamika bila kutoa pendekezo, kwa hiyo natoa manne.

La kwanza, watangazaji wetu, hasa wa vipindi vya Kiswahili na vya Kinyarwanda vinavyosikika pande zote za mpaka, wawe na orodha yetu wenyewe ya leo katika historia ya muziki. Wasiache kumtaja Billie Holiday, lakini tarehe 7 Aprili wamtaje Rugamba kwanza. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017. Tukitumie kwa jambo kama hili, ili na jirani wa Bukavu na Uvira aelewe kwa nini tunanyamaza.

Nasema hivyo kwa sababu ninakumbuka mama mmoja wa soko la Kadutu, mteja wangu wa siku nyingi. Mwaka mmoja nilifika kwake katika juma hilo, muziki umefunguliwa mpaka meza zinatetemeka. Aliniuliza, “Muzee, kwani uko mugonjwa? Leo hauongei.” Nilipomweleza, alipunguza redio mwenyewe bila kuombwa, akasema na yeye ana wafu wake ambao hakuna redio inayowataja. Tulikaa hivyo kidogo, kisha tukaendelea na hesabu. Jirani akielezwa anaelewa. Tatizo ni kwamba huwa hatumwelezi.

La pili, anayepiga wimbo wa mtu amtaje mwenyewe. Bendi za hoteli, vijana wanaorudia karahanyuze kwa ala za kisasa, na vituo vya redio, wote wanakula kwa jasho la marehemu. Jina ni malipo madogo kabisa wanayoweza kutoa.

La tatu linatuhusu sisi wafanyabiashara. Kanda za zamani zimetupwa darini na katika masanduku, Kamembe, Bukavu, Bujumbura na Kigoma, na utepe wake unaoza kwa unyevu. Kabla ya kuziuza kwa kilo au kuwapa watoto wachezee, tuzipeleke kwa mtu mwenye mashine ya kuzihamishia kwenye kompyuta. Andika juu ya kasha ulizipata wapi na mwaka gani.

La nne halihitaji senti. Kila mwenye mzee nyumbani aketi naye na daftari. Amuulize, “Nani aliimba hapa? Kwaya ipi? Alizaliwa lini? Aliuawa siku gani?” Hata sisi tuliorudi mapema na wale waliorudi mwaka 1996 kutoka kambi za Zaire, ambao mara nyingi tunakutana sokoni tukazungumzia bei tu, tungeweza kukutana katika swali hilo. Kila upande una jina ambalo upande mwingine hauna, na ukweli wa mahali hapa haukamiliki kwa mtu mmoja.

Mimi nimeanza. Daftari langu la madeni lina kurasa za nyuma ambazo huwa zinabaki tupu. Nimeligeuza, na ukurasa wa mwisho sasa ndio wa kwanza. Nimeandika: 7 Aprili 1994, Cyprien Rugamba, Kigali. Chini yake nimeandika Sebanani na Karemera, na mbele ya kila jina nimeacha nafasi ya tarehe mpaka nitakapoipata kwa mtu anayeijua kwa hakika. Baada ya hapo yanafuata majina kumi na moja ya wanakwaya wa Mibirizi, kama bibi alivyoyataja, mengine bila jina la pili.

Jumapili iliyopita bibi alinikumbuka jina la kumi na mbili. Alinitumia mtoto mbio kuniambia, kwa sababu aliogopa angelisahau kabla ya jioni.